Wiski ya moto na mafua: namna ya kuitengeneza, na ni nani asiiguse

Kila mwaka baridi ya Juni na Julai inapoanza kuuma kule Limuru, Kinangop, Molo na Nyahururu, swali huwa ni lile lile. Mtu ameamka makamasi yakimtiririka, koo linamwasha, kichwa kinamgonga, na kabla hajamwona daktari jirani amekwisha kumpa dawa: toti moja ya wiski katika maji moto, limau na asali, kisha ajifunike blanketi. Baadhi ya wasomaji huuliza kama ni kweli inaponya. Wengine, na hawa ndio wengi, hawaulizi hilo kamwe. Wanataka vipimo tu.

Wiki hii tutayajibu maswali yote mawili, msomaji mpendwa. Nitaeleza jinsi kinywaji hiki kinavyotengenezwa ipasavyo nyumbani, kwa sababu wengi wanaokitengeneza hukiharibu, na wengine hujiumiza. Kisha nitaeleza ni kipi ndani ya kikombe hicho kinachomsaidia mgonjwa na ni kipi kinachomdanganya. Mjomba wangu wa Kinangop alidanganywa nacho kwa majuma saba, nami nitamrudia baadaye.

Jina lake

Waskoti hukiita todi, na asili ya jina hilo itamfurahisha msomaji wa Pwani. Kule India maji matamu yanayogemwa kwenye mvumo huitwa tari kwa Kihindi, na yakiachwa yachache huwa pombe. Ni ndugu yake tembo la mnazi ambalo wagema wa Kilifi na Kwale hulishusha kila siku. Waingereza waliokwenda India walilichukua neno hilo, wakaligeuza kidogo katika matamshi, wakarudi nalo kwao ambako hakuna mnazi wala mvumo. Huko likawa jina la pombe kali iliyochanganywa na maji moto na sukari. Sisi husema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Waskoti walilitia maji bila kungoja sifa.

Kuna wanaosimulia kwamba jina hilo linatokana na daktari mmoja, Robert Bentley Todd, aliyezaliwa Dublin mwaka 1809 na kufanya kazi katika hospitali ya King's College jijini London. Ni kweli kwamba Dkt Todd aliwanywesha brandi wagonjwa wake wa homa, tena mara kwa mara, mchana na usiku, naye alikuwa na wafuasi wengi. Lakini mshairi wa Uskoti Robert Burns, aliyefariki mwaka 1796, alikwisha kuitaja todi katika mashairi yake kabla daktari huyo hajazaliwa. Kwa hivyo daktari hakukipa kinywaji jina. Alichokipa ni heshima ya hospitali, na heshima hiyo imekataa kufa hadi leo.

Nchini Marekani mambo yalikwenda mbali zaidi. Pombe ilipopigwa marufuku huko kuanzia mwaka 1920 hadi 1933, wiski iliendelea kuuzwa katika maduka ya dawa kwa cheti cha daktari. Mgonjwa aliruhusiwa painti moja, yaani kama mililita 470, kila siku kumi. Msomaji anaweza kukisia ni watu wangapi walioanza kukohoa ghafla mwaka huo.

Hapa kwetu tunayo dawa yetu isiyokuwa na kileo. Hata katika mikahawa ya kawaida ya Nairobi ukiagiza "dawa" utaletewa maji moto yenye tangawizi, limau na asali. Lakini katika mahoteli ya watalii ukiagiza "dawa" huenda ukaletewa vodka yenye ndimu, asali na barafu, mchanganyiko uliopata sifa katika hoteli ya Carnivore, Nairobi. Jina ni moja, vikombe ni viwili tofauti kabisa, na mgonjwa asipouliza atajua akisha kumeza.

Vifaa na vipimo

Kwa kikombe kimoja cha mtu mzima unahitaji vitu hivi: wiski mililita 30, asali vijiko viwili vya chai, maji ya limau kijiko kimoja cha mezani, maji moto mililita 150, yaani kikombe kidogo cha chai, karafuu tatu au nne, na kijiti cha mdalasini chenye urefu wa kidole. Anayependa aongeze vipande viwili vya tangawizi iliyopondwa. Waskoti wa kale hawakuwa na tangawizi mbichi jikoni kwao, lakini sisi tunayo, na sioni sababu ya kuiacha sokoni.

Wiski haihitaji kuwa ya bei ya juu. Ile iliyokaa pipani miaka kumi na minane ikimwagiwa maji moto na limau hupoteza kile ulichokilipia. Wiski ya kawaida ya kuchanganywa, yenye nguvu ya asilimia 40, inatosha. Iliyotengenezwa Uskoti ni lazima iwe imekaa katika pipa la mti wa mwaloni kwa muda usiopungua miaka mitatu, na baadhi yake ina harufu ya moshi ambayo wengine huipenda na wengine husema inanuka kama bendeji ya hospitali. Bourbon ya Marekani, ambayo zaidi ya nusu ya nafaka yake ni mahindi, ina utamu zaidi, kwa hivyo ukiitumia punguza asali.

Limau si ndimu. Limau ni lile kubwa la manjano, nayo ndimu ni ile ndogo ya kijani yenye ukali zaidi. Ukikosa limau tumia ndimu, lakini kijiko cha mezani kisijae. Asali nayo iwe asali. Wauzaji wasio waaminifu huchemsha sukari na kuitia katika chupa ya asali, nayo haitamsaidia mwenye kikohozi zaidi ya sukari ya kawaida. Nunua kwa mtu unayemjua, au kwa vyama vya wafugaji nyuki wa sehemu kama Baringo na Kitui.

Sasa kipimo cha wiski, ambacho ndicho watu wanachokosea. Nimeona watu wakimimina kwa jicho, na jicho la mtu mwenye baridi lina ukarimu mwingi. Ukiwa huna kile kikombe kidogo cha toti kinachotumiwa na wahudumu wa baa, chukua kijiko cha mezani. Kimoja hubeba mililita 15, kwa hivyo vijiko viwili ndivyo toti yako. Usitumie kifuniko cha chupa kwa kuwa vifuniko havilingani. Chupa ya mililita 750 ina vipimo 25 vya namna hiyo. Ikiwa yako imekwisha kwenye kikombe cha kumi na mbili, hukunywa vikombe kumi na viwili bali ishirini na vitano.

Namna ya kutengeneza

Kwanza pasha kikombe moto kwa kukimwagia maji yaliyochemka, ukizungushe, kisha uyamwage. Tumia kikombe kizito cha udongo chenye mkono. Bilauri nyembamba ya kioo yaweza kupasuka mkononi, na kila msimu wa baridi kuna wanaoungua mapajani kwa ajili hiyo.

Chemsha maji katika birika. Tia karafuu, mdalasini na tangawizi ndani ya kikombe, mimina maji mililita 150, funika kwa kisahani na uache kwa dakika tano. Hatua hii wengi huiruka. Karafuu na mdalasini hutoa mafuta yake polepole, na ukimwaga kila kitu kwa mara moja utakunywa maji ya limau yenye vijiti vinavyoelea. Baadhi ya watu hupenda kuzichomeka karafuu kwenye ganda la kipande cha limau ili zisiingie mdomoni. Ni wazo zuri.

Dakika tano zikiisha ondoa kisahani, tia asali na ukoroge hadi iyeyuke. Kisha tia maji ya limau. Wiski iwe ya mwisho. Koroga mara moja na umekwisha.

Usiichemshe wiski. Usiitie katika sufuria iliyo juu ya jiko, liwe la gesi, la mafuta taa au la makaa. Mvuke wa kileo hushika moto upesi, na moto huo waweza kurudi hadi kwenye shingo ya chupa uliyoishika. Funga chupa na uiweke mbali kabla ya kuwasha jiko.

Yako mambo mawili kuhusu moto ambayo ni lazima niyaeleze hapa. La kwanza, watu hudhani kwamba maji moto huondoa kileo, hivyo kinachobaki ni ladha tu. Si kweli. Jedwali la Wizara ya Kilimo ya Marekani linaonyesha kwamba kileo kikitiwa katika kitu kinachochemka kisha kikaondolewa motoni, asilimia 85 hivi hubaki. Kwa hivyo todi ni pombe, hata ikinywewa kitandani kwa kijiko.

La pili ni zito zaidi. Mwaka 2016 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, lilitangaza kwamba kunywa vinywaji vyenye joto la zaidi ya digrii 65 kuna uwezekano wa kusababisha saratani ya umio, yaani ile njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni. Pombe nayo ni chanzo kinachojulikana cha saratani hiyo hiyo. Nchi yetu iko katika ukanda wa mashariki mwa Afrika ambako saratani ya umio ni nyingi kuliko sehemu nyingi za dunia, na madaktari wa Bonde la Ufa wanaijua vizuri mno. Nairobi maji huchemka kwenye digrii 94 hivi kwa sababu ya mwinuko, lakini hata hayo ni moto kupita kiasi. Ukilazimika kunywa kwa kuvuta hewa na kupiga mluzi, kikombe hakijawa tayari. Kiweke chini ungoje.

Nini kinasaidia?

Mafua husababishwa na virusi, na hakuna kitu katika kikombe hiki kinachoua virusi. Nimesikia watu wenye elimu yao wakisema kwamba wiski "inachoma vijidudu kooni". Hebu tupige hesabu. Mililita 30 za wiski ya asilimia 40 zina mililita 12 za kileo halisi. Ukichanganya na maji, limau na asali utapata kama mililita 205. Kileo kilichomo ni karibu asilimia 6, kama bia yenye nguvu kidogo. Dawa ya kusafishia mikono inayopendekezwa ni ya asilimia 60 au zaidi, nayo hufanya kazi juu ya ngozi. Virusi vya mafua vimejificha ndani ya chembechembe za pua na koo, mahali ambapo todi haifiki.

Hata hivyo mgonjwa hujisikia nafuu, wala hajidanganyi. Mwaka 2008 watafiti wa kituo cha mafua cha Chuo Kikuu cha Cardiff, Wales, waliwapa watu 30 wenye mafua kinywaji cha matunda. Kilipokuwa cha moto, watu walieleza nafuu ya hapo hapo ya makamasi, kikohozi, chafya, koo linalouma, baridi mwilini na uchovu. Kinywaji hicho hicho kikiwa cha joto la kawaida la chumbani kilisaidia kwa mambo machache tu. Utaona kwamba kinywaji cha Cardiff hakikuwa na tone la wiski.

Asali nayo imechunguzwa sana, na inatuliza kikohozi hasa cha usiku. Limau na utamu huongeza mate, na mate hulainisha koo. Tangawizi huleta lile joto kifuani ambalo watu hulitafuta katika wiski. Basi kazi karibu yote hufanywa na wengine, na wiski huchukua sifa.

Kazi ya wiski yenyewe ni hii. Hupanua mishipa midogo ya damu iliyo karibu na ngozi. Damu yenye joto huja juu, uso ukapata wekundu na mtu akajiona amepata moto, kumbe anaupoteza. Anayekunywa kisha akatoka nje katika baridi ya Kinangop huzizima haraka kuliko asiyekunywa. Pia hukizuia kichocheo kinachoamrisha figo kuhifadhi maji, hivyo mgonjwa hukojoa zaidi wakati mwili wake unahitaji maji kwa ajili ya homa. Kadhalika humletea usingizi upesi, jambo ambalo watu hulisifu, lakini usingizi wa nusu ya pili ya usiku huvunjika-vunjika, na mwenye pua iliyoziba hukoroma na kupumua kwa shida zaidi.

Kikombe kimoja kwa mtu mzima mwenye afya, aliyezoea pombe kidogo na asiyetumia dawa yoyote, hakitamuua. Siandiki hapa ili nimtishe. Lakini Shirika la Afya Duniani lilisema wazi mwaka 2023 kwamba hakuna kiwango cha pombe kinachoweza kuitwa salama kwa afya, na tangu mwaka 1988 pombe iko katika orodha ya vitu ambavyo bila shaka husababisha saratani. Anayekunywa todi kwa kuwa anaipenda ladha yake anajua anachofanya. Kikombe cha pili cha kuongeza uponyaji hakina maana. Toti moja ina kama gramu 9.5 za kileo, na mwili huhitaji zaidi ya saa moja kuiondoa. Kwa hivyo usinywe kisha ukashika usukani, hata kama ulikunywa kwa ajili ya koo.

Mjomba wangu

Mjomba ni mkulima wa viazi, mtu wa miraba minne ambaye hakuwahi kulazwa hospitali. Mwezi Juni alianza kukohoa. Mkazamjomba alimtengenezea todi kila jioni kama alivyofunzwa na mama mmoja aliyewahi kufanya kazi jikoni mwa wazungu, na kila jioni mjomba alisema anasikia nafuu. Hakusema uongo. Maji moto na asali vilituliza koo, wiski ikamlaza. Akipata kikohozi tena alfajiri alisema ni umande.

Nilipowatembelea katikati ya Agosti nilimkuta amevaa mshipi ulioongezwa matundu mawili mapya kwa msumari. Nilimuuliza anatoka jasho usiku? Mkazamjomba ndiye aliyejibu kwamba yeye hubadilisha shuka kila asubuhi, na kwamba walidhani jasho hilo ni todi ikifanya kazi yake ya kuutoa ugonjwa. Alikuwa amekohoa kwa majuma saba.

Alipimwa makohozi akapatikana na kifua kikuu. Dawa zake, ambazo hutolewa bila malipo katika hospitali za serikali, zilimchukua miezi sita. Miezi miwili alikunywa dawa nne kwa pamoja, na minne iliyobaki dawa mbili. Baadhi ya dawa hizo hulemea ini, na muuguzi alimwambia asiguse pombe hata kijiko. Siku ya pili mjomba alinipigia simu kwa hofu kwamba mkojo umekuwa wa rangi ya machungwa. Hilo huletwa na dawa iitwayo rifampicin wala si hatari, lakini laiti angeambiwa mapema asingekesha. Mkazamjomba na wajukuu wawili walipimwa pia. Kitinda mimba wa binti yao, mwenye miaka mitatu, alilazimika kuanzishiwa dawa za kinga.

Hilo ndilo kosa kubwa la todi. Sumu iliyomo katika toti moja ni jambo dogo likilinganishwa na siku ambazo mtu hupoteza akijiona anaendelea vizuri. Mafua ya kawaida huanza kupungua baada ya siku tatu au nne na kwisha kwa juma moja au siku kumi, unywe todi usinywe. Ukikohoa kwa majuma mawili, ukitoka jasho usiku, ukikonda bila sababu au ukitema damu, nenda ukapimwe kifua kikuu. Ukipumua kwa haraka, kifua kikikuchoma unapovuta pumzi au makohozi yakiwa na rangi ya kutu, huenda ni nimonia, na hiyo haingoji wiki ijayo. Tena katika nchi yetu neno homa hubeba magonjwa mengi. Mtu aliyetoka Kisumu, Busia au Pwani majuma mawili yaliyopita na sasa anatetemeka Nairobi apimwe malaria kwanza. Limau baadaye.

Ni nani asiiguse?

Watoto, kabisa. Wako wazazi wanaompa mtoto kijiko kimoja "alale". Kileo huteremsha sukari katika damu ya mtoto mdogo kiasi cha kumtia kifafa au kumpoteza fahamu. Na mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja asipewe hata asali peke yake, kwa kuwa asali yaweza kuwa na mbegu za bakteria zinazotoa sumu ya kulegeza misuli matumboni mwake. Mama mjamzito aiache pia, pamoja na mtu yeyote aliyewahi kupambana na ulevi. Huyu wa mwisho hasaidiwi na rafiki anayemwambia kwamba hii si pombe, ni dawa.

Kisha wako wanaotumia dawa. Mwenye mafua mara nyingi amekwisha kumeza kitu kabla ya kuchemsha maji, na hapo ndipo hatari ilipo. Dawa nyingi za mafua madukani zina parasetamoli ndani yake, na mtu humeza hizo, akaongeza Panadol mbili, kisha todi. Parasetamoli ikizidi huharibu ini, na kwa mnywaji wa kila siku ini hilo limekwisha kuchoka. Vidonge vya mafua vinavyoleta usingizi, kama vile Piriton, vikikutana na wiski humlaza mtu usingizi mzito, na mzee aliyeamka usiku kwenda msalani huanguka akavunjika nyonga. Aspirini na ibuprofen pamoja na pombe huchubua tumbo hata kutoa damu. Anayetumia Flagyl huonywa asinywe kileo hadi apite siku chache baada ya kumaliza dozi. Mgonjwa wa kisukari anayejidunga insulini anaweza kushukiwa na sukari usiku huku waliomzunguka wakidhani amelewa. Wenye dawa za kifafa, za usingizi au za kuzuia damu isigande wamuulize mwuzaji dawa kabla, wala wasione haya.

Chupa yenyewe

Wiski ya bei ya kushangaza ina sababu ya kuwa na bei hiyo. Mwezi Novemba 2000 zaidi ya watu 100 walikufa katika mitaa ya mabanda ya Nairobi baada ya kunywa pombe iliyotiwa methanoli, na wengi waliopona walipofuka. Mwezi Mei 2014 zaidi ya watu 60 walikufa kwa pombe ya namna hiyo katika Embu, Kiambu na kaunti nyingine. Februari 2024 ilikuwa zamu ya Kirinyaga, ambako watu wasiopungua 17 walipoteza maisha yao.

Methanoli haitambuliwi kwa ulimi wala kwa pua. Limau, asali na karafuu huificha zaidi, na maji moto hayaiondoi. Kwa hivyo nunua katika duka lenye leseni, tazama kama kifuniko hakijafunguliwa na kufungwa tena, na utazame stempu ya ushuru ya KRA shingoni mwa chupa. Wiski ya kugawiwa kutoka katika mtungi au chupa ya soda usiitie kikombeni mwako.

Mtu akinywa methanoli huenda akalala na kuamka akiwa salama, kwa sababu sumu huchukua saa 12 hadi 24 au zaidi kujionyesha. Kisha tumbo linauma, anatapika, anahema kwa nguvu na macho yanaona ukungu mweupe. Mpeleke hospitali kubwa saa hiyo hiyo na uichukue chupa iliyobaki. Iko dawa ya kuizuia sumu hiyo na ipo mashine ya kuisafisha damu, lakini kila saa inayopita huiba sehemu ya uwezo wa kuona. Usijaribu kumtibu nyumbani kwa kumwongezea pombe nyingine kama baadhi ya watu wanavyosikia baani.

Bila wiski

Mjomba alipozuiliwa pombe kwa miezi sita aliomba apewe kitu mbadala cha jioni, na tulijaribu vingi jikoni kwake. Maji ya limau na asali pekee aliyakataa, akasema ni ya watoto. Kilichomridhisha ni hiki. Fuata hatua zote za hapo juu, lakini pondaponda tangawizi ya ukubwa wa kidole gumba na uiache katika maji pamoja na karafuu na mdalasini kwa dakika kumi badala ya tano. Chuja. Badala ya wiski tia vijiko viwili vya mezani vya chai ya rangi iliyokolea sana, ile iliyochemshwa hadi ikawa chungu. Uchungu huo ndio unaochukua nafasi ya pipa la mwaloni, na tangawizi inashuka kooni kwa moto ule ule.

Matibabu yalikwisha Machi na makohozi yake yakawa safi. Ile chupa ya wiski bado iko kabatini, imebaki robo. Mkazamjomba huitumia Krismasi kwenye keki.